Umechaguliwa mwenyekiti wa waliosoma shule yenu? Anza na makabidhiano

Kura zimehesabiwa, vigelegele vimepigwa, na mwenyekiti anayeondoka amekukumbatia mbele ya kamera. Kesho yake, kabla hujamaliza chai, simu zinaanza. Mmoja anauliza mchango wa msiba wa mwenzetu umefikia wapi. Mwingine anataka fulana aliyoilipia mwaka juzi. Wa tatu, ambaye hajawahi kulipa ada hata siku moja, ana wazo la kujenga ukumbi.

Nafasi hiyo niliishika miaka minne, katika chama cha waliosoma sekondari moja ya bweni ya serikali huku Tanzania Bara. Niliingia na mpango wa kurasa saba: maktaba, chumba cha kompyuta, uzio. Nilichokikuta ni kaunta buku moja, namba ya simu ya mtu ambayo ndiyo ilikuwa "akaunti", na grupu la WhatsApp. Mpango wangu ulilala kwenye droo mwaka mzima, na sikujutia. Haya ninayoandika ni yale ambayo natamani mtu angeniambia usiku ule wa uchaguzi.

1. Usitoke ukumbini bila muhtasari

Kwa benki, kwa Msajili wa Vyama na kwa mkuu wa shule, wewe ni mwenyekiti kwa sababu muhtasari wa mkutano unasema hivyo. Picha za kukumbatiana hazihesabiki. Hakikisha katibu wa uchaguzi ameandika tarehe, mahali, mahudhurio yenye saini, akidi inayotakiwa na katiba, aliyesimamia uchaguzi, waliogombea na kura zao. Kisha majina matatu ya kila aliyechaguliwa, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.

Hilo la majina usilichukulie kirahisi. Mweka hazina wetu alichaguliwa kwa jina tulilomwita tangu kidato cha kwanza. Kumbe kitambulisho chake kina jina jingine kabisa, la babu yake. Benki ilituambia turudi tukajipange, na kujipanga kwenyewe kulikuwa kuwatafuta tena watu waliokwisha kutawanyika Mwanza, Mbeya na Dodoma ili wasaini muhtasari wa marekebisho.

2. Makabidhiano ndani ya wiki mbili, kwa maandishi

Hapa ndipo vyama vingi vya wahitimu vinapofia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwenyekiti anayeondoka mara nyingi ni mkubwa wako. Huenda alikuwa kiranja wewe ukiwa njuka, au alimaliza hata kabla hujazaliwa. Ukimfuata kwa mdomo wa mkaguzi, atakuambia vitabu viko kwa katibu. Katibu atasema viko kwa mweka hazina, na mweka hazina amehamia Sumbawanga. Mimi nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti aliyeniachia nafasi, Jumapili jioni, nikamwambia, "Shikamoo kaka. Nimekuja unifundishe kabla sijaharibu." Tulikaa saa tatu. Alitoa kila alichonacho, pamoja na manung'uniko yake ya miaka sita, na manung'uniko yale yalikuwa na faida kuliko kaunta buku.

Vitu vya kuomba ni hivi. Katiba yenye muhuri, kama ipo. Cheti cha usajili. Mihtasari ya vikao. Daftari la wanachama. Taarifa za benki na za miamala ya simu za angalau miaka miwili. Vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na ambavyo havijaguswa (hivi vya pili ndivyo vyenye hatari, maana kitabu kitupu chenye jina la chama kinaweza kukusanya fedha mtaani bila wewe kujua). Muhuri. Maneno ya siri ya barua pepe na kurasa za mitandaoni. Mali: spika, mabango, fulana zilizobaki. Na mwisho, ahadi zilizotolewa kwa mdomo. Hizo hazimo kwenye kitabu chochote, lakini ndizo zitakazokugongea mlango. Mzee wangu alikuwa amewaahidi walimu wa shule televisheni.

Yote yaandikwe kwenye hati ya makabidhiano, nakala mbili, na mashahidi wawili ambao si marafiki wa mmoja wenu tu.

Je, ukikuta fedha hazitoshi? Usikimbilie kwenye grupu. Usinyamaze pia. Andika kwenye hati yenyewe mistari minne: fedha zinazosomeka vitabuni, fedha zilizopo, tofauti, na maelezo ya anayekabidhi kwa maneno yake mwenyewe. Saini zote mbili ziwekwe chini, kisha hati iende kwenye kamati tendaji na baadaye mkutano mkuu. Mara nyingi tofauti ina sababu ya kawaida: jeneza lililonunuliwa usiku bila risiti, nauli ya wajumbe wa mazishi. Pengine haina. Vyovyote iwavyo, ukisaini bila kuandika pengo, kuanzia siku hiyo pengo ni lako. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba habari hizo humwangukia aliyepokea mwisho.

3. Jua mko chini ya sheria gani

Muulize aliyeondoka: tumesajiliwa wapi? Majibu huwa matatu. La kwanza, Sheria ya Vyama, Sura ya 337, kwa Msajili wa Vyama aliye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. La pili, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, ambayo ina msajili wake mwingine. La tatu, ambalo ndilo la wengi, ni ukimya.

Kwa chama kinachowaunganisha wanachama, kuzikana, na kuisaidia shule yao, Sheria ya Vyama ndiyo inayokaa vizuri. Sheria hiyo huhesabu kuanzia watu kumi, kwa hiyo msijidanganye kwamba ninyi ni "marafiki tu" huku mna ada, viongozi na muhuri. Kama mmesajiliwa, ulizia ada na taarifa za kila mwaka zimefikia wapi, peleka majina ya viongozi wapya, na msibadili katiba kimyakimya bila kumhusisha Msajili. Mkifikia kumiliki kiwanja au jengo, tafuteni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, ili mali ikae kwa jina la bodi badala ya jina la mwenyekiti. Mwenyekiti hufa, na warithi wake hawakusoma shule yenu.

4. Fedha zitoke kwenye simu ya mtu

Fungua akaunti ya chama, watia saini wanne katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni mwenyekiti na katibu. Kundi la pili ni mweka hazina na mjumbe mmoja asiye na cheo. Fedha haitoki bila saini moja ya kila kundi. Tafuta na lipa namba yenye jina la chama, mtu akituma alione jina hilo kabla hajabonyeza namba ya siri. Vikundi vidogo vya waliomaliza mwaka mmoja vinaweza kutumia huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba, ambako mweka hazina hawezi kutoa fedha peke yake. Kwa chama kizima, benki.

Kisha tenga mifuko mitatu hata kama akaunti ni moja: uendeshaji, faraja, mradi.

Mfuko wa faraja ndio mtihani. Kama hamna kanuni, kila msiba utapangwa upya, na kupanga upya maana yake ni kupima hadhi ya mfiwa. Baba wa mjumbe anayefanya kazi bandarini atachangiwa laki nane kwa siku moja, na mama wa mwenzetu anayefundisha shule ya msingi Kibondo atapata mikono ya pole kwenye grupu, basi. Hakuna atakayelalamika hadharani. Yule mwalimu ataondoka kimya, na wenzake wa mwaka ule watamfuata mmoja mmoja.

Andikeni: kifo cha nani kinahesabiwa (mwanachama, mwenza, mtoto, wazazi, amueni kuhusu wakwe mapema, maana hapo ndipo mtakapogombana), kiasi kile kile kwa kila mtu, mwanachama awe amelipa ada hadi mwezi gani, na taarifa ifike kwa nani. Mtu akitaka kuongeza kwa mfuko wake, amtumie mfiwa mwenyewe. Harusi ningeziacha nje kabisa. Nilijaribu kuziweka ndani mwaka wa kwanza. Ndani ya miezi mitano tulikuwa kamati ya harusi yenye jina la shule.

5. Tengeneza daftari la wanachama

Grupu la WhatsApp hufika watu 1,024 likajaa, watu hubadili laini, wengine wametoka kwa hasira. Hilo haliwezi kuwa daftari. Daftari lina jina la shuleni, jina la sasa (dada zetu wengi walibadili baada ya kuolewa, na utamtafuta mtu miaka miwili kumbe mko naye), mwaka wa kuingia na wa kutoka, bweni, kombi kwa waliofika kidato cha sita, mkoa au nchi anayoishi, kazi na simu.

Usiifanye kazi hii peke yako. Kila mwaka wa kumaliza uwe na mwakilishi wake. Tafuta yule aliyekuwa akijua habari za kila mtu bwenini. Yupo, na hajabadilika. Anza na miaka ya zamani, kwa sababu hao hawangoji.

Kama shule yenu ni kongwe, kumbuka pia majina. Shule nyingi za madhehebu na jumuiya zilichukuliwa na serikali chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na baadhi zina majina mawili vichwani mwa watu. Pugu, alikofundisha Julius Nyerere kabla ya kujiuzulu ualimu mwaka 1955, wazee wake wanaijua kama St. Francis. Minaki ilikuwa St. Andrew's, Tambaza ilikuwa ya wavulana ya Aga Khan. Tangazo likitaja jina jipya tu, mzee wa miaka themanini hatajua kwamba anaitwa.

Swali la nani ni mwanachama litakuja. Aliyehama kidato cha pili? Walimu wa zamani? Waliofukuzwa? Sisi tulibishana alasiri nzima kuhusu wale waliofukuzwa kwa mgomo wa maharage. Tukawakubali. Hadi naondoka, wao ndio waliokuwa wakilipa ada kwa wakati kuliko viranja waliowaandika majina.

Daftari hilo lina simu na makazi ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Waeleze wanachama unachukua taarifa kwa ajili gani, waridhie, na lisirushwe kwenye grupu hata siku moja. La sivyo mwezi huo huo mtapigiwa na wauza viwanja.

Thamani ya daftari huonekana siku ya shida. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Siku kama hiyo ikiikuta shule yenu, mwenyekiti anatakiwa ajue usiku uleule nani kati yenu ni mhandisi, nani yuko karibu na eneo, nani ana lori.

6. Nenda shuleni, bila kamera

Ziara ya kwanza iwe ya watu wawili au watatu, siku ya kazi, kwa miadi. Saini kitabu cha wageni. Mkuu wa shule anaweza kuwa mdogo kwako kwa miaka ishirini. Bado ni mwenye nyumba. Usianze na "enzi zetu". Muulize, "Mwalimu, kitu gani kinakukosesha usingizi?" halafu nyamaza.

Sisi tulikwenda tukiwa tumeshaamua kupaka rangi mabweni, kwa sababu kila mtu alitaka kuona bweni lake linang'aa. Mkuu wa shule alitusikiliza kwa adabu, akatutembeza nyuma ya mabweni ya wasichana. Kiwango cha Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tulihesabu wenyewe, tukagawa wenyewe kwa idadi ya mabinti wa pale, na hakuna aliyetaja rangi tena.

Shule ya serikali haijengwi kwa makubaliano ya watu wawili ofisini. Wazo lipite kwa mkuu wa shule, Bodi ya Shule, Afisa Elimu Sekondari, na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Michoro na mchanganuo wa gharama vipitiwe na mhandisi wa Halmashauri. Ulizeni mapema kazi itakwenda kwa mkandarasi au kwa fosi akaunti, yaani shule inunue vifaa na kuajiri mafundi kupitia kamati zake. Mkichagua ya pili, ombeni mjumbe wenu awe anaona mapokezi ya saruji na nondo. Jengo likishakamilika, liingizwe kwenye kumbukumbu za mali za shule.

Mambo mawili ya kukwepa. Moja, kuingilia uhamisho wa walimu au adhabu za wanafunzi. Mtatumika kama fimbo na upande mmoja, na mkuu ajaye atawafungia geti. Pili, mchango wenu usigeuke kuwa mchango wa wanafunzi. Tangu Januari 2016 shule za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada, na mwaka 2022 msamaha ukafika kidato cha tano na cha sita. Mzazi akisikia mtoto ametakiwa kuchangia "mradi wa wahitimu", jina lenu litakuwa kwenye meza ya Mkuu wa Wilaya kabla ya wiki kuisha.

7. Mradi mmoja, mdogo, unaoisha

Chagua kitu kinachoweza kukamilika ndani ya miezi tisa. Hesabu fedha zilizoingia benki tu. Kwenye harambee, mwenye kipaza sauti akitaja jina la mtu mbele ya wanadarasa wenzake, atasema milioni, na kesho yake simu haipokelewi. Ahadi zibaki kwenye karatasi yake, na fundi asisaini mkataba kwa kutegemea karatasi hiyo. Kazi ikiisha, tuma picha ya kilichojengwa na picha za risiti pamoja. Watu watatazama risiti kwanza.

8. Grupu liwe mawili

Moja la matangazo, ambalo viongozi pekee wanaandika. Jingine la baraza, kwa utani, picha za zamani na ubishi wa mpira. Siasa za vyama na mahubiri yasiruhusiwe kokote. Mtu akihoji fedha, mjibu ndani ya saa 24 kwa namba na tarehe, kisha mwalike aone vitabu. Usimtoe kwenye grupu, hata akikutukana. Niliwahi kumtoa mmoja. Alifungua grupu lake, na theluthi ya watu wakamfuata.

Kikao cha mtandaoni kiwe Jumamosi saa 12 jioni. Aliye Houston atakuwa saa 3 au saa 4 asubuhi kutegemea msimu, aliye Muscat saa 1 usiku, na mama zetu wa hapa watakuwa wameshamaliza sokoni. Kichukue muda wa saa mbili, na ajenda iwe imetumwa siku tatu kabla. "Mengineyo" yatangazwe mwanzoni mwa kikao, la sivyo yatakula kikao chote.

9. Faili la kuondokea lianze leo

Nunua boksi faili moja siku uliyopokea. Kila muhtasari, kila taarifa ya benki ya mwezi, kila barua ya shule iingie humo, na nakala yake ikae kwa katibu. Mkutano mkuu wa mwaka ufanyike hata kama wamekuja watu wachache kuliko mlivyotarajia. Akidi ikikosekana, fuata katiba inavyosema kuhusu kuahirisha, usijifanye hukuona. Muda wako ukiisha, ondoka, hata wakisema hakuna mwingine.

Aliyenipokea ni dada aliyemaliza mwaka 2009, mhasibu kwa kazi yake. Alikuja kwangu na dada mwingine, wakakataa soda hadi kazi iishe, wakafungua vitabu vya stakabadhi ukurasa kwa ukurasa. Kwenye kitabu cha tatu karatasi moja haikuwepo. Nikamwambia nadhani iliharibika kwa mvua, siku ya mazishi ya mwenzetu, Korogwe. Akanisogezea hati na kalamu. "Sawa kaka. Naomba uyaandike hapa kama ulivyoyasema, halafu tusaini." Nikaandika.